Nimeuona upatu ukizaliwa na kufa kwenye daftari langu la uwakala

mzee_wa_daftari (mtoa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, kibanda changu kiko Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu na mimi nilipigwa, na aliyepigwa hapendi kuhesabiwa mbele za watu. Ila wiki hii pekee wateja watatu wameniuliza swali lile lile: "Hii ya kuwekeza kwa simu ni ya kweli?" Nikaona niandike mara moja, wa nne nimpe linki asome. Jina la programu ya simu iliyonipiga sitalitaja. Ulikuwa upatu, yaani wanachama wanalipana kwa hela zao wenyewe, biashara hakuna. Ilishakufa, na kila mwezi inazaliwa nyingine inayofanana nayo kama pacha.

Tuanze na daftari lenyewe. Wakala anaandika nani kaweka, nani katoa, kiasi gani, saa ngapi, sahihi. Usiku unalinganisha floti (hela iliyo kwenye simu) na taslimu, ukiona zimekubaliana unalala. Sasa ule mwaka kuna kitu nilikiona na sikukielewa. Mwezi wa kwanza wa ile programu watu walikuwa wanatoa. Vijana wa bodaboda, wauza mitumba, mwalimu mmoja wa sekondari: elfu kumi na tano, elfu thelathini, wote wanacheka. Taslimu ilikuwa inaniishia saa nne asubuhi. Mwezi wa pili upande wa kuweka ukaanza kujaa: laki, laki tatu, laki nane. Mwezi wa tatu sikuandika mtoaji hata mmoja. Na siku nne za mwisho kila aliyekuja aliweka kiasi kimoja, 60,000, kwa sababu programu ilikuwa imewaambia walipe "ada ya uhakiki" ndipo akaunti zao zifunguliwe. Ukurasa mzima ni 60,000, 60,000, 60,000. Hadi leo sijauchana.

Jirani yangu pale ni mama muuza vitumbua. Aliweka 80,000, siku kumi na mbili baadaye akaja kutoa 96,000. Alizihesabu mara mbili juu ya kaunta, vidole vina unga wa mchele, noti zikabaki na alama nyeupe. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hawa watu wanalipa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniingiza. Tangazo halikuniingiza, wala video ya yule kijana mwenye gari la kukodi. Nilikuwa nimeziona tele na nazicheka. Kilichonimaliza ni noti nilizomkabidhi mtu ninayemfahamu kwa mkono wangu mwenyewe. Wiki tatu baadaye mama akarudi na 800,000, hela ya mchezo wa akina mama wa kuchangiana kwa zamu, zamu yake ilikuwa imefika. Niliirusha mimi. Zangu zilikuwa 1,150,000, nilizirusha usiku huo huo bila kumwambia mke wangu.

Kwa hiyo ninachotaka kusema ni hiki: kulipwa siyo ushahidi. Tunafundishwa tuwaogope wasiolipa. Tapeli wa uwekezaji anaanza kwa kulipa, tena analipa kwa wakati kuliko mwajiri wako. Zile 16,000 za faida alizopewa mama wa vitumbua zilimnunulia tapeli 800,000 zake na 1,150,000 zangu. Hakuna redio inayouza tangazo kwa bei hiyo.

Chukueni kalamu. Watu 100, kila mmoja anatoa milioni moja. Ahadi ni asilimia 30 kwa mwezi. Mwenye kampuni hana kuku, hana duka, hana chochote. Ana milioni 100 zenu. Mwezi wa kwanza anawagawia milioni 30, wa pili 30, wa tatu 30, na mfukoni bado ana 10. Miezi mitatu mizima kila mtu kalipwa, na hajaingia mwanachama mpya hata mmoja! Hapo sijaweka wale wanaoacha faida "izae", na wale wanaoleta shemeji zao. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba analipwa usimbishie, huenda ni kweli. Muulize swali jingine: ukiwatoa wanachama wote, ni mteja gani mwingine anayeingiza hela humo? Mwenye nyumba ana mpangaji, mwenye basi ana abiria. Wa kwako ana nani?

Ile programu ilidai tunalipwa kwa kubofya matangazo. Sawa, nani mwenye hayo matangazo? Yalikuwa picha za hoteli ambazo hazikuwa na namba ya simu wala bei. Nilizibofya siku thelathini na tano sikujiuliza.

Hesabu ya pili ndiyo inayonitia aibu zaidi, maana namba ni kazi yangu. Asilimia 30 kwa mwezi, ukiacha izae, milioni moja inakuwa milioni 23 kwa mwaka. Mwaka wa pili ni milioni 542. Mtu mwenye siri hiyo angeweka laki yake moja, akanyamaza miaka mitatu, akawa na zaidi ya bilioni moja. Anahangaika na hela ya vitumbua ya nini?

Rula yangu siku hizi ni hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Ile ya miaka 25 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Hiyo ni kwa mwaka, wakuu. Atakayenitajia namba kubwa zaidi ya hapo nasikiliza, ila nataka anieleze hatari iliko. Akisema "hatari hakuna" namfungia mlango wa kibanda.

Na mchezo wenyewe si mpya. Mwaka 1920 kule Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, eti ananunua kuponi za posta Ulaya kwa bei rahisi na kuzibadilisha Marekani. Watu walipanga foleni. Mwandishi wa masuala ya fedha, Clarence Barron, akapiga hesabu tu: kwa hela aliyokusanya Ponzi zingehitajika kuponi kama milioni 160 kwenye mzunguko, na zilizokuwapo zilikuwa kama 27,000. Hakuhitaji kuvunja kabati la mtu.

Kwetu, wa umri wangu mnaukumbuka upatu wa DECI wa 2009. Haikuitwa kuwekeza, iliitwa kupanda mbegu, na faida ilikuwa mavuno. Iliongozwa na wachungaji. Serikali ilipoizuia kuna waliolia wakisema serikali ndiyo imewadhulumu, kwa sababu wao walikuwa wamekwishavuna mara mbili tatu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani baadhi ya wakurugenzi. Angalieni lugha ilivyochaguliwa: mbegu ukiipanda hutakiwi kuichimbua kila siku kuangalia kama imeota.

La mwisho kabla sijawaachia jukwaa: "Tumesajiliwa." Mimi nilioneshwa cheti cha BRELA, wale wanaosajili makampuni, nikaridhika. Cheti cha BRELA kinasema kampuni ipo, basi. Namba ya mlipakodi inasema TRA wanamjua. Leseni ya halmashauri inasema kalipia biashara. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompa ruhusa ya kupokea amana zako. Anayepokea amana anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Anayekusanya hela za umma kuwekeza kwenye hisa, hatifungani au mifuko ya pamoja anatakiwa awe na kibali cha CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Bima iko chini ya mamlaka yake, TIRA; SACCOS iko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na kuna ujanja wa kitaalamu kidogo: kampuni inakuonesha leseni halisi kabisa ya Benki Kuu, lakini ni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Daraja hilo linaruhusiwa kukopesha. Halipokei amana. Soma leseni yenyewe, usisome muhuri.

Nawasilisha. Wenye ya kuongeza karibuni, wenye ya kunicheka pia.

Mjomba wa Nakuru

Asante ndugu. Sisi Kenya tulikunywa hii dawa 2006 na 2007. Jopo lililoundwa na serikali baadaye lilihesabu miradi ya aina hii zaidi ya 200, watu zaidi ya 148,000, na takriban shilingi bilioni 8 za Kenya. Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu, amestaafu, akaweka kiinua mgongo. Kilichomshawishi si faida. Alikutana na mwenyekiti wa bodi ya shule yake kwenye foleni, akasema "kama huyu mzee yuko hapa, mimi ni nani?" Baadaye ikajulikana hata huyo mwenyekiti aliingia baada ya kumwona mwingine kanisani.

mzee_wa_daftari

Pole sana mjomba, pole kwa mzee. Umenikumbusha. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu alikuwa amehakikishiwa na mwenzake. Nilipokuja kufuatilia mnyororo, hakuna hata mmoja aliyewahi kufika ofisini.

KulaMapema

Mkuu acha kutisha watu. Mimi niliingia kwenye moja hivi wiki ya kwanza, nikatoka na faida ya milioni mbili na nusu, nikanunua pikipiki. Tatizo lenu mnaingia mwisho halafu mnalia. Hii ni akili ya kujua muda.

mzee_wa_daftari

Sikukatalii kwamba ulipata. Nakuuliza milioni mbili na nusu zilitoka wapi. Hakukuwa na duka. Zilitoka kwa mtu kama yule mama, ila hukumwona kwa sababu hukai dirishani.

Na hiyo akili ya kujua muda, kaka, daftari langu linasema vingine. Waliotoka mapema mwezi wa kwanza niliwaona mwezi wa tatu wakirudi na hela kubwa zaidi. Karibu wote. Mtu aliyevuna mara moja hakai na hela mfukoni akisikia wengine bado wanavuna.

Hesabu Hailali

Naomba nimkosoe mtoa uzi kidogo, maana mimi nafanya ukaguzi wa hesabu na rula yake ina tundu. Ukisubiri asilimia 30 kwa mwezi ndipo ushtuke, utawakamata matapeli wenye pupa tu. Bernard Madoff wa New York hakuahidi hivyo. Alikuwa anatoa kama asilimia 10 hadi 12 kwa mwaka, namba ya mtu mstaarabu. Kasoro yake ilikuwa kwamba haikuyumba. Soko lipande, lishuke, wateja wake waliona mstari ule ule ukipanda polepole. Alipokamatwa Desemba 2008, taarifa za akaunti alizowatumia wateja zilikuwa zinasema wana dola bilioni 65 hivi, na nyingi zilikuwa za karatasi tu. Akafungwa miaka 150.

Harry Markopolos alianza kuwaandikia wasimamizi wa masoko wa Marekani tangu 2000. Hakuwa na siri ya ndani. Alichukua zile faida, akajaribu kuzitengeneza kwa mbinu aliyodai Madoff, zikakataa. Akatazama soko la mikataba ambayo Madoff alidai kuitumia, akaona lote halitoshi kwa hela aliyonayo. Ni hesabu ile ile ya kuponi za Ponzi, miaka themanini baadaye. Hawakumsikiliza, kwa sababu mshukiwa alikuwa mkubwa: aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ.

Mimi ningewaambia watu waulize: nani ameshika hela, na nani anakuandikia taarifa? Madoff alikuwa ndiye meneja, ndiye mtunzaji wa dhamana, ndiye mchapaji wa taarifa. Mkaguzi wake alikuwa ofisi ndogo kabisa nje ya jiji, na mabilioni yote yale! Linganisha na ukinunua hisa DSE, soko la hisa la Dar es Salaam: unafunguliwa akaunti kwenye hazina ya dhamana, hisa zinaandikwa huko kwa jina lako, dalali akifunga ofisi kesho hisa zako zipo. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS nayo ina benki inayoshika mali za mfuko kando na meneja. Kama mtu anayekuwekezea ndiye huyo huyo anayekupa salio, basi salio ni barua yake tu.

Na kwa KulaMapema: baada ya Madoff, msimamizi wa mufilisi aliwashtaki wateja waliotoa kuliko walivyoweka, hata wale wasiojua lolote, warudishe. Zimerejeshwa zaidi ya dola bilioni 14. Itunze risiti ya pikipiki.

mzee_wa_daftari

Nimepokea mkuu, rula nimeitengeneza. Hilo la mstari usioyumba hata kwetu lipo. Mimi wakala kamisheni yangu Januari na Disemba hazifanani hata kidogo. Biashara ambayo haina mwezi mbaya haijawahi kuuza kitu.

Mfugaji Mtarajiwa

Wakuu, vipi zile za mradi unaoonekana? Mimi si mjinga wa programu. Kuna watu wananiambia ninunue kuku, wao wanafuga, baada ya miezi kadhaa nagawiwa faida. Nimepelekwa bandani, kuku nimewaona kwa macho.

mzee_wa_daftari

Ndugu yangu, kuku nao wana historia hapa nchini. Mwaka 2020 kampuni ya Mr Kuku ilifika Kisutu kwa kesi ya upatu. Ahadi ilikuwa faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne. Na mabanda yalikuwapo!

Swali siyo kama kuku wapo, ni kama wanatosha. Waulize wameuza vifaranga wangapi au mayai mangapi mwezi uliopita, wanunuzi ni nani, halafu nenda kwa mnunuzi mmoja bila kuwataarifu. Uliza jumla ya wawekezaji, zidisha kwa kuku waliouziwa, kisha uone kama hilo banda lingewameza. Halafu uliza kwa nini hawaendi benki, maana hata mkopo mchungu wa benki haufiki asilimia 70 kwa miezi minne. Mtu anayekimbia riba ndogo akafuata kubwa ana sababu. Mara nyingi ni kwamba benki inataka kuona vitabu.

Dada wa Kilosa

Mimi nililizwa mwaka jana, 640,000. Juzi amenipigia mtu anajiita wakili, sauti ya heshima kabisa, anaijua hadi tarehe niliyoweka. Anasema wameshika akaunti ya wale wezi, nitume 75,000 za kufungua jalada nirudishiwe zote. Kaka, nifanyeje? Nimeshazitafuta hizo 75.

mzee_wa_daftari

Dada, shika hapo hapo, usitume!

Anaijua tarehe kwa sababu ni wale wale, au wameuziwa orodha. Majina ya waliopigwa ni mali, yanauzwa, maana mtu mwenye maumivu anatuma haraka kuliko mwenye tamaa. Hao ndio walionimalizia mimi. Zile 60,000 za uhakiki nilizilipa, tena mara mbili. Kanuni yangu sasa haina mjadala: hela yangu haihitaji hela yangu nyingine ili itoke. Kama kuna ada au kodi ya kweli, wakate humo humo kwenye salio.

Fanya hivi. Namba iliyokupigia iripoti: tuma neno UTAPELI kwenda 15040, watakuuliza namba husika. Usifute meseji hata moja, piga picha za skrini, andika namba za miamala yote pembeni. Nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), waambie ni makosa ya mtandao. Sikuahidi kwamba utazipata, mimi sijapata. Na mwingine yeyote ambaye ametuma sasa hivi, dakika kumi hizi, usiandike uzi kwanza: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Mpokeaji akishatoa, hakuna wa kuurudisha. Na akitoa, anatoa kwa wakala mwenzangu huko aliko, anayeandika kwenye daftari kama langu.

Mjomba wa Nakuru

Na yule mama wa vitumbua?

mzee_wa_daftari

Yupo. Ule mchezo ambao hela yake alikwishaipokea ilibidi aendelee kuulipia miezi saba, kwa sababu wenzake walikuwa hawajala zamu zao, na yeye siyo mtu wa kukimbia. Kila wiki alikuwa ananiletea mchango wake nimtumie kijumbe, anayekusanya hela za mchezo. Hajawahi kunilaumu kwamba ndiye niliyezirusha. Vitumbua vyangu bado ananiwekea vitatu vya asubuhi, vyenye iliki.

Mwezi uliopita aliletewa fursa nyingine na mtoto wa dada yake. Akaja nayo kwangu kwenye simu, akaisoma kwa sauti hadi mwisho, kisha akauliza, "Hawa wanauza nini?" Tukakitafuta wote wawili kwenye ukurasa mzima. Hatukukiona.

Samahanini wakuu, nitarudi kujibu waliobaki. Kuna kijana amesimama dirishani, anataka kuweka laki mbili kwenye namba asiyoijua jina, na kila nikimuuliza anatazama saa.